Shule ya Kudumu Kwenye Maji na Chumvi: Mwongozo kwa Kamati za Shule za Kibiti na Delta ya Rufiji

Mwongozo huu unakuhusu wewe mwalimu mkuu, mjumbe wa kamati ya shule, mtendaji wa kijiji au mzazi uliyechaguliwa kwenye kamati ya ujenzi, iwe uko Bungu kando ya barabara kuu ya Kilwa au Salale, Maparoni, Kiongoroni na Mbuchi, ambako kila mfuko wa saruji hufika kwa chombo. Fedha ni chache, watoto ni wengi, na kila mgeni anayekuja anataka kuona madarasa mapya. Kabla hujamwonyesha kiwanja, kumbuka kwamba jengo halimalizwi siku linapokabidhiwa. Siku hiyo ndipo gharama yake ya pili inapoanza, na gharama hiyo huwa haina mfadhili.

Shule ya kisasa si lazima iwe na vigae na madirisha ya alumini. Ni shule ambayo mtoto anaona ubao bila kukaza macho, anapata hewa saa saba mchana, anakunywa maji salama, anakwenda chooni bila kuona haya, na mwalimu wake anachaji kishikwambi bila kuvuka mto. Hayo yote yanawezekana kwa bajeti ndogo, mradi fedha zifuate mpango na jengo lipate mtu wa kulitunza.

1. Anza kwa kuhesabu, usianze kwa kuchimba

Chukua daftari la kurasa kubwa na uandike kila jengo la shule: lilijengwa mwaka gani, paa likoje, kuta zikoje, sakafu, milango, madawati, vyoo, matangi. Kila kitu kipe alama moja kati ya tatu: kizima, kinahitaji matengenezo, hakifai. Pembeni andika idadi ya watoto wa kila darasa na idadi ya watoto wa kijiji watakaofika umri wa kuanza shule katika miaka mitano ijayo. Mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya wa jamii wanaweza kukusaidia kupata hesabu hiyo.

Kiwango cha Serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja. Usiruke moja kwa moja kwenye hitimisho la "tunahitaji vyumba vinne vipya". Tazama kwanza vyumba vilivyogeuzwa stoo na vilivyoachwa kwa sababu paa linavuja. Chumba chenye kuta nzima kilichoezuliwa na upepo hurudi kazini kwa sehemu ndogo ya gharama ya kipya. Tazama pia uwezekano wa zamu mbili, asubuhi na mchana, kwa madarasa ya chini, wakati ukarabati unaendelea.

Kwenye visiwa na vitongoji vya delta, uliza swali jingine: je, watoto wadogo wanavuka mkondo wa maji kuja shuleni? Kama wanavuka, kituo shikizi chenye vyumba viwili upande wao kinaweza kuwa na thamani kuliko vyumba vinne kwenye shule mama. Mtoto wa miaka sita hapaswi kusubiri mtumbwi ili ajifunze kusoma.

2. Sikiliza maji kabla ya kuchagua kiwanja

Rufiji ni mto wenye historia ya kupanda. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia wananchi wengi kwenye vijiji vya juu ya bonde. Aprili 2024 maji yalizingira tena vijiji vya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo Kimbunga Hidaya kikafika Mafia na pwani ya jirani. Bwawa la Julius Nyerere lilikuwa limeanza kujazwa Desemba 2022, lakini halikuyazuia mafuriko hayo. Kwa hiyo kuwepo kwa bwawa juu ya mto kusiwe sababu ya kushusha msingi wako.

Kabla ya kukubali eneo, fanya mambo manne.

Kwanza, waite wazee wa kijiji, wanaume kwa wanawake, watembee nanyi kiwanjani na kuonyesha maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa wanayoyakumbuka. Pigeni alama kwenye mnazi au mwembe. Alama ya juu kuliko zote ndiyo kipimo chenu, na sakafu ya darasa ikae juu yake.

Pili, kama mko karibu na mkondo wa chumvi, piga vigingi siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Bamvu kubwa za Machi na Aprili huangukia msimu wa masika, na maji ya bahari yakikutana na ya mto, yote mawili hupanda. Kiwanja kilichokaguliwa siku ya maji mafu hakijakaguliwa.

Tatu, tazama ukingo. Kingo za delta hulika, na mto ambao mchanga wake umezuiwa na bwawa huelekea kuzila zaidi. Jenga mbali na ukingo na uache mikoko iliyo mbele yake isimame, kwa kuwa ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi na upepo. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu, na kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ni kosa. Boriti za jukwaa la mafundi nazo zihesabiwe kwenye sheria hiyo.

Nne, eneo lipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, mipaka ipandwe miti, na muhtasari uhifadhiwe shuleni na kwa mtendaji. Mgogoro wa ardhi unaoibuka katikati ya ujenzi hula fedha kuliko mchwa.

3. Jua fedha zako zinatoka wapi

Tangu elimumsingi bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Kwa shule ya wanafunzi 400, fedha inayofika ni shilingi milioni 2.4 kwa mwaka, na humo humo kuna karatasi, mitihani, michezo, utawala na ukarabati.

Sasa weka hesabu ya matunzo pembeni yake. Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19, kila chumba kilipangiwa shilingi milioni 20. Ukitenga asilimia 2 tu ya thamani hiyo kila mwaka kwa matengenezo, chumba kimoja kinahitaji shilingi 400,000. Vyumba saba vinahitaji milioni 2.8, yaani zaidi ya ruzuku yote inayofika shuleni. Kamati inayotegemea ruzuku peke yake itaona majengo yake yakichakaa mbele ya macho yake, hata kama kila senti inatumika kwa uaminifu.

Kwa hiyo tafuta vyanzo vingine, na kila kimoja kiandikwe.

Nguvu kazi ya wananchi: kuchimba msingi, kuteka maji, kusomba mchanga, kufyeka. Ipe thamani ya fedha kwenye mchanganuo ili mchango wa kijiji uonekane. Michango ya fedha iwe ya hiari na ipitishwe na mkutano. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hakuchangia.

Bajeti ya halmashauri: mahitaji ya shule yaingie kwenye mpango wa kijiji kwa utaratibu wa fursa na vikwazo, yapite Kamati ya Maendeleo ya Kata, yafike wilayani kabla bajeti haijafungwa. Halmashauri ya Kibiti, iliyotokana na kugawanywa kwa Rufiji, ina kata za nchi kavu na za delta, na maombi ya delta yakichelewa boti moja husubiri mwaka mzima. Vipo pia Mfuko wa Jimbo, TASAF, na fedha za kumalizia maboma. Boma lililofika usawa wa lenta kwa ubora huombewa fedha kirahisi, ila lililojengwa kwa tofali mbovu hukataliwa na mhandisi, na jasho la wananchi huwa limekwenda bure.

Shamba la shule: kwa vijiji vya nchi kavu, mikorosho ndiyo rafiki wa muda mrefu. Ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, hekta moja hubeba miche 69 hivi. Panda ufuta katikati miaka ya mwanzo, uza kupitia chama cha msingi na stakabadhi ghalani, na mkutano upitishe azimio kwamba mapato ya shamba ni ya matengenezo tu. Kwa vijiji vya delta, minazi na mpunga vinaweza kufanya kazi hiyo.

4. Panga ujenzi kwa kufuata maji kujaa na kupwa

Saruji kutoka Mtwara au Dar es Salaam hufika Kibiti kwa lori bila shida kubwa. Shida huanza baada ya Bungu, kwenye takribani kilomita 40 za kwenda Nyamisati, kisha gatini, kisha kwenye chombo. Katika kata za visiwani usafiri unaweza kuwa kipengele kizito kwenye mchanganuo, na ramani ya kawaida ya wizara haikioni. Mwombe Mhandisi wa Halmashauri atenge fungu la usafiri wa maji mapema, kabla fedha hazijaingia.

Usafirishaji wa mizigo mizito upangwe kati ya Juni na Septemba, barabara ikiwa kavu. Ndani ya miezi hiyo, safirisha mizigo mikubwa siku za bamvu, mashua inapoweza kuingia kwenye vijito hadi karibu na kiwanja. Chombo kikikwama kwenye tope siku za maji mafu, utalipa wabebaji, na saruji italowa. Funika saruji kwa turubai chomboni na ghalani. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike kabla ya miezi mitatu. Kwenye hewa ya delta ni bora uagize kwa awamu mbili kuliko kujaza stoo mara moja.

Kwa shule nyingi utaratibu utakuwa wa fosi akaunti: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, mafundi wa karibu, na manunuzi kupitia mfumo wa NeST. Mtu mmoja asikae kwenye kamati mbili. Wajumbe wa mapokezi wafundishwe kupima: unene wa nondo, geji ya bati, uzito wa tofali. Mkataba wa fundi ueleze kazi kwa hatua (msingi, kuta, lenta, paa, lipu, sakafu), na malipo yatoke baada ya hatua kukaguliwa. Bakiza sehemu ya malipo hadi mvua kubwa moja ipite na paa lionekane halivuji.

5. Mambo sita ambayo chumvi haiyasamehe

Chumvi ndiyo adui wa majengo ya delta. Ukitaka kuona kazi yake, tafuta jengo la zamani lililo karibu na mkondo na utazame juu ya dirisha. Utaona ufa mwembamba uliolala sambamba na lenta, rangi ya kutu imeteremka kama machozi, na ukigonga kwa kidole lipu inaitika kwa sauti ya utupu. Ndani yake nondo imeoza, imevimba na kusukuma zege nje. Hilo hutokana na mchanga, maji na uharaka wa siku za ujenzi.

Mchanga. Usitumie mchanga wa ufukweni wala wa kijito cha chumvi kwenye zege lenye nondo. Hata mchanga wa mto upimwe. Jaza chupa ya plastiki inayoonyesha ndani mchanga hadi nusu, ongeza maji safi, tikisa kwa nguvu, iache itulie kwa saa chache. Mchanga utakaa chini na udongo laini juu yake. Tabaka la udongo likiwa nene, mchanga huo hauna kazi kwako. Kisha onja maji ya juu kwa ncha ya ulimi. Ukionja chumvi, rudisha mzigo. Kipimo hiki hakina gharama, na kila mjumbe wa mapokezi anaweza kukifanya papo hapo gatini.

Maji. Zege lichanganywe kwa maji ya mvua au ya kisima kitamu. Weka tangi la mvua kiwanjani kabla ya kuanza ujenzi. Litatumika kwenye zege sasa, na kwa watoto baadaye.

Zege la kufunika nondo. Ndani ya nchi milimita 25 huweza kutosha, ila karibu na chumvi weka milimita 40 hadi 50. Tengeneza vipande vidogo vya zege vya kuegemeza nondo zisiguse mbao. Fundi asiongeze maji ili zege liteleze kirahisi, kwa sababu maji yale yakikauka huacha matundu ambayo chumvi hupitia.

Kumwagilia. Zege na tofali zimwagiliwe kwa siku 7 angalau, asubuhi na jioni, zikiwa zimefunikwa kwa magunia au majani ya mnazi. Hapa wananchi wanaweza kusaidia kuliko mahali pengine popote. Pangeni zamu za mitaa na andikeni majina.

Paa. Tumia bati la geji 28 lenye mpako mzuri. Geji 30 ni nafuu dukani na ghali baada ya miaka michache. Mbao za kenchi na papi zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa. Kenchi zifungwe kwa chuma kwenye mkanda wa zege ulio juu ya ukuta, zisishikiliwe kwa msumari peke yake, kwa kuwa upepo wa pwani hunyanyua paa kutoka chini. Misumari ya bati iwe na mpira, na ipigwe juu ya mgongo wa bati.

Msingi na kuta. Weka naironi nzito chini ya jamvi ili unyevu usipande. Inua sakafu, jenga njia ya mteremko kwa watoto wenye ulemavu, na zungushia jengo sakafu ya nje ya upana wa mita moja ili maji ya paa yasichimbe msingi. Madirisha yawe pande zote mbili ili upepo upite, na ukuta wa ndani upakwe rangi nyeupe. Kwa mambo hayo mawili darasa hupata mwanga na hewa bila umeme.

6. Maji ya kunywa: hesabu ya paa lako

Kwenye delta visima vingi vina chumvi, lakini kila paa ni chanzo cha maji matamu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua jengo la paa la mita za mraba 150 na mvua ya milimita 800 kwa mwaka, kiasi cha tahadhari kwa pwani hii, kisha punguza moja ya tano kwa kinachopotea. Unapata lita 96,000. Watoto 400 wakinywa lita moja kila siku ya masomo, kwa siku 200 wanahitaji lita 80,000. Jengo moja linatosha.

Kinachokosekana mara nyingi ni hifadhi. Kati ya kurudi kutoka likizo ya Juni na mvua za vuli kuna siku 75 hivi za masomo, sawa na lita 30,000, au matangi matatu ya lita 10,000. Anza na moja, ongeza moja kila mwaka. Kumbuka tangi la ukubwa huo likijaa lina tani 10. Kwenye udongo wa delta lijengewe kitako cha zege na mawe kabla halijawekwa, la sivyo litazama upande na kupasua bomba. Weka gata za plastiki, kwa kuwa chuma huoza, na kipande cha bomba cha kumwaga maji ya mvua ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Mfuniko uwe na wavu wa kuzuia mbu. Maji yatibiwe kwa klorini kwa ushauri wa zahanati, na bomba liwe na kufuli ambalo ufunguo wake unakaa kwa mwalimu wa afya.

7. Vyoo visivyozama

Mwongozo wa Taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ya wasichana 200 na wavulana 200 inahitaji matundu 10 na 8. Usisubiri kuyajenga yote kwa mkupuo. Jenga kwa awamu ukianza na ya wasichana, ambao hukosa masomo choo kikikosekana.

Mahali ambapo ukichimba mita moja unakuta maji, shimo la kawaida halifai. Masika yakija linajaa, uchafu unaelea hadi uwanjani, na kipindupindu kinapata njia. Jenga choo cha kuinuliwa chenye vyumba viwili vya kuhifadhia juu ya ardhi. Kimoja kinatumika, kingine kimefungwa na kupumzika mwaka mzima au zaidi kabla ya kutolewa. Majivu yawekwe kila baada ya kutumia, na ngazi iambatane na njia ya mteremko.

Jengo la wasichana liwe na chumba cha kujisitiri chenye maji, mlango wenye komeo la ndani, na kichomea taka kwa ajili ya taulo za kike. Sehemu ya kunawia iwe nje ya mlango. Sabuni iingie kwenye bajeti ya kila mwezi, kwani choo kizuri bila sabuni hakizuii ugonjwa.

8. Umeme mdogo wenye kazi

Walimu wengi walipata vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022. Kishikwambi kisicho na chaji hakina faida darasani. Kwa shule isiyofikiwa na nguzo za umeme, anza na mfumo wa sola wa kazi zinazojulikana: taa 8 za wati 9 kwa saa 3, vishikwambi 10, na projekta ndogo ya wati 100 kwa saa 2. Jumla ni takribani wati-saa 700 hadi 800 kwa siku. Paneli za wati 300 zitaliweza hilo siku nyingi za mwaka, na betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi karibu wati-saa 1,200.

Nunua betri ya lithiamu hata kama bei yake inashtua. Betri ya asidi kwenye joto na matumizi ya shule hufa mapema. Paneli zifungwe kwa boti za chuma kisichoshika kutu, zipanguswe kila mwezi, na betri ikae chumba chenye hewa, si juani. Kaa na walimu mwanzoni mwa mwaka mkubaliane: umeme wa shule si wa kuchaji simu za kijiji bila malipo. Kama kijiji kinataka kuchaji, toza ada ndogo, itunze kwenye fungu la betri, na miaka ijayo utabadilisha betri bila kuomba.

9. Nyumba ya mwalimu ni sehemu ya darasa

Kata za delta hupoteza walimu kwa sababu ya makazi. Mwalimu anayelala kwenye chumba kinachoingia maji atakuwa anaandika barua ya uhamisho. Nyumba moja inayokaliwa na familia mbili, yenye tangi lake, choo chake na sola ndogo, inaweza kuleta tofauti kubwa kwenye ufundishaji kuliko chumba kipya cha darasa kisicho na mwalimu. Iweke kwenye orodha ya juu ya mpango wako.

10. Kalenda ya matunzo

Matunzo yafanyike kwa tarehe, yasingoje kuharibika.

Kila wiki: wanafunzi wasafishe vyoo, madarasa na mifereji kwa zamu inayoshirikisha wavulana na wasichana sawasawa. Mwalimu wa zamu aandike kilichovunjika.

Kila mwezi: kaza boti za madawati, kagua bawaba, komeo na bomba, pangusa paneli. Dawati likianza kucheza, boti moja huliokoa. Likiachwa, baada ya wiki chache mbao tatu zimeng'oka. Tafuta walau wazazi wawili mafundi seremala wanaokubali kuwa wa kuitwa.

Februari, kabla ya masika: panda juu ya paa. Badilisha misumari iliyolegea, ziba matundu, safisha gata, zibua mitaro, kata matawi yanayogusa bati. Hamisha vitabu na betri kwenye rafu ya juu na fuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Juni, baada ya masika: tembea kuzunguka kila jengo. Andika nyufa, na piga mstari wa penseli mwishoni mwa kila ufa ukiandika tarehe. Ukiona umepita mstari Desemba, mwite mhandisi. Rudishia udongo uliochimbwa na maji, bomoa njia za mchwa.

Septemba, kabla ya vuli: rudia paa na gata, osha matangi yakiwa karibu matupu.

Desemba: fungua daftari la majengo, badilisha alama, tayarisha maombi ya bajeti.

11. Weka daftari wazi

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila shilingi ya ujenzi na matunzo iandikwe, stakabadhi zihifadhiwe, na muhtasari wa mapato na matumizi ubandikwe ubaoni kila robo mwaka kwa maandishi makubwa. Mkutano wa wazazi usomewe. Mtu akionekana amebadilisha mfuko wa saruji wa shule kuwa wake, kamati ichukue hatua mapema na ikibidi TAKUKURU ihusishwe. Wananchi wanaoona hesabu huchangia tena. Wakifichwa, hata nguvu kazi hawatatoa.

Kwa mwezi wa kwanza

Usitafute fedha bado. Fungua daftari la majengo. Watembeze wazee kiwanjani na pigeni alama ya maji. Teua wajumbe wawili wa matunzo, mmoja mwalimu na mmoja mzazi, na mpe kila mmoja nyundo, brashi ya waya na boti za akiba. Pitisheni kwenye mkutano fungu la matunzo lisiloguswa kwa kazi nyingine, hata likianza na shilingi 50,000. Kisha mpelekee mtendaji orodha ya mahitaji yenu, ikiwa na namba na mpangilio wa umuhimu.

Mtoto wa Saninga au Mbwera kule delta anastahili chumba kilekile anachostahili mtoto wa Kibiti mjini. Serikali ina wajibu wa kukijenga, na wajibu huo usisahauliwe kwenye kikao chochote. Lakini kitakachomfikisha mdogo wake ndani ya chumba hichohicho miaka kumi baadaye, paa likiwa zima, ni kamati iliyopanda juu Februari na kukaza misumari.